Nzi Wangu Ndani ya Leso

Kuna watu waliowahi kuanguka mbele ya kanisa, na wengine suruali ilipasuka siku ya mahafali, na mimi huwasikiliza wote kwa heshima halafu nanyamaza, kwa sababu nikiiweka aibu yangu mezani zao zitaonekana kama sherehe. Mimi nilichaguliwa kuwa mke wa mchumba wa dada yangu, mbele ya familia mbili na mpiga picha, nikiwa na nzi ndani ya nguo. Tena si nzi wa kupita. Ni wa kufugwa, na mfugaji ni mimi.

Acha nianze na nzi ndio mnielewe (au mnihurumie, nachukua lolote).

Nasomea biolojia ya seli hapa Eldoret, shahada ya pili, na mnyama wangu wa utafiti ni yule nzi mdogo wa matunda unayemwona akizunguka ndizi iliyoiva kupita kiasi. Watu hucheka nikisema hivyo. Lakini yule nzi anazaa haraka, hana gharama, hachukui nafasi, na mengi yanayotokea ndani ya seli zake yanatokea pia ndani ya zangu na zako, kwa hivyo anatumika kujibu maswali ambayo huwezi kumfanyia binadamu majaribio. Wa kawaida ana macho mekundu. Mimi nilikuwa nafuga ukoo wa macho meupe, na kazi yangu ilikuwa kuwapata majike wachanga kabla hawajakutana na dume yeyote, kisha niwaoze kwa madume wa macho mekundu niliowachagua mimi. Jike akishapandwa na dume wa chupa yake anazihifadhi zile mbegu mwilini, na hapo huwezi tena kujua mtoto ni wa nani, kazi yote imeharibika. Kwa hivyo wakianza kutoka kwenye pupa (kile kifuko cha kahawia ambamo buu hugeuka kuwa nzi), una saa chache tu za kuwalaza kwa baridi ya barafu, kuwamwaga chini ya hadubini na kuwatenga wasichana na wavulana kwa brashi ndogo ya rangi. Ukichelewa, wamefanya yao.

Sasa ikawa Ijumaa moja ya mwezi wa saba, ule wakati wa baridi ambapo hapa Eldoret unaosha uso asubuhi kwa kujilazimisha, tukaambiwa stima itapotea maabara wikendi nzima, kuna nyaya zinarekebishwa. Kabati letu la joto lingezimika. Msimamizi wangu, Daktari Chebet, mama mpole asiyependa maneno mengi, akasema, "Waache hapo kwenye rafu, Ciru. Baridi haiwaui, inawachelewesha tu. Watakungoja Jumatatu."

"Tutajuaje kama hawatakufa?"

"Imejaribiwa kabla hujazaliwa."

Nikanyamaza, lakini kunyamaza kwangu si kukubali. Mimi tangu shule ya msingi nina shida hiyo, nikiambiwa jambo nataka kujua nani alisema, alilipima wapi, na kwa nini nimwamini. Kanisani niliwahi kumuuliza mchungaji swali akaniambia nije ofisini, na ofisini akasema ana mkutano. Sasa imejaribiwa na nani? Kwenye baridi hii yetu? Nikangoja Daktari aende, nikachukua chupa moja ndogo yenye pupa walioiva kabisa, nikaitia mfukoni, nikaenda nayo nyumbani, mtaa wa West Indies. Huo ndio uamuzi wenyewe. Mengine yote yalijileta.

Siku iliyofuata, Jumamosi, ndiyo wageni kutoka Turbo walikuwa wanakuja kwetu mara ya kwanza kwa ajili ya dada yangu Njeri. Mchumba wake, Wafula, ni mkulima wa mahindi na kijana wa maana, hakuna aliyekuwa na neno juu yake. Neno lilikuwa kwa mamake. Tulikuwa tumesikia, na mambo ya kusikia ndiyo huuma zaidi, kwamba Mama Wafula hakutaka mwanawe aoe mjini, kwamba alisema wasichana wa mjini hawajui kuweka nyumba, na kwamba siku hiyo anakuja kujionea jikoni kwetu kwa macho yake. Mama yangu alitulea peke yake kwa duka la nafaka, na ukisema nyumba yake ni chafu umemwambia miaka yake yote haikuwa kitu. Alisugua sakafu wiki nzima. Alisugua hata nyuma ya kabati, mahali ambapo mgeni angefika tu kama anatafuta maiti.

Asubuhi hiyo chupa yangu ilikuwa baridi kama bomba, na mimi nikaona nzi wangu wanakufa (sikuwa na ushahidi wowote, mimi ninayedai ushahidi). Nikafikiria jiko, likawa na moto mwingi. Nikafikiria blanketi. Mwishowe nikaitia kifuani ndani ya sidiria, mahali penye joto la kudumu lisilotegemea stima, na nikajisifu kwa ubunifu. Kizibo chake cha sponji kilikuwa kimelowa, nikakitupa, nikaziba kwa pamba ya vipodozi ya Njeri. Joto la mwili likafanya kazi upesi sana. Kufikia wakati wageni wanaingia getini nzi walikuwa wanatoka kwenye pupa mmoja baada ya mwingine, wamejaa uhai, na mimi nikapanga kwamba salamu zikiisha natoroka chumbani, nawalaza kwenye friza na kuwatenga.

Anti Wairimu, dadake Mama, akanishika mkono kwenye korido.

"Njoo usimame. Tumepungukiwa na msichana mmoja."

Kwetu kuna ile desturi ya kuwafunika wasichana leso kuanzia kichwani hadi miguuni, wanasimama mstari mmoja bila kusema wala kutikisika, na kijana anatakiwa amtambue wake. Akikosea ni kicheko na faini. Mimi nilikuwa nimeikosoa desturi hiyo jikoni kwa kirefu, nikiuliza inathibitisha nini hasa.

"Anti, nina kazi kidogo."

"Kazi gani na wageni wako hapo nje? Inua mikono."

"Anti, mimi hata siamini hiki kitu."

"Hakuna anayekuuliza imani. Inua mikono."

Akanifunga leso mbili kama anafunga gunia la maharagwe. Akakaza kifuani. Nikasikia chupa ikigeuka, na pamba, ile pamba nyepesi ya kufutia rangi ya mdomo, ikaachia.

Tukapelekwa kwenye hema uani, wasichana wanne, mimi wa pili, Njeri wa mwisho. Ndani ya leso ni giza na joto, na sasa nikaanza kusikia miguu. Nzi wa matunda hana uzito, lakini akitembea juu ya ubavu wako na huruhusiwi kujikuna, ni mzito kuliko mbuzi. Mmoja akapanda shingoni. Mwingine akaingia sikioni akatoka. Nikajiambia mimi ni mwanasayansi, huu ni mguso mdogo wa ngozi, ubongo wangu unaweza kuupuuza. Ubongo ukakataa. Bega langu la kushoto likaruka, likaruka tena, na nikashindwa kulizuia.

Jambo ambalo sikujua (nalo ndilo hunifanya niamke usiku nikijifunika uso) ni kwamba Njeri na Wafula walikuwa wamepanga kuiba mtihani. Walikubaliana kwa simu kwamba Njeri atatikisa bega la kushoto.

Nikasikia viatu vikipita mbele ya msichana wa kwanza bila kusita, vikasimama mbele yangu, na Wafula akasema kwa sauti ya mtu mwenye majibu, "Ni huyu. Mimi sina shaka hata kidogo."

"Hakika?" akauliza mjomba wetu, msemaji wa upande wetu, akiwa tayari anacheka.

"Huyu ningemjua hata gizani."

Wakanifunua. Na leso ilipoanguka wale nzi, waliokuwa wamebanwa pale tangu asubuhi, wakainuka kutoka kwenye ukosi wangu kama moshi wa chungu kilichofunuliwa.

Nitawaambia ilivyokuwa. Mpiga picha aliacha kupiga. Wafula alirudi nyuma hatua moja na kusema polepole, "Shemeji." Na kutoka mwisho wa mstari, ndani ya leso ambayo hakuna aliyekumbuka kuifungua, ikatoka sauti ya Njeri, "Mimi niko huku, jameni."

Mzee Barasa, amiye Wafula na msemaji wao, mtu mrefu mwenye kofia, akawaangalia nzi, akaniangalia mimi. "Sisi tulikuwa tunafikiria habari za mifugo tutaongea baadaye," akasema. "Kumbe huyu anatembea na wake."

Hema lote likacheka, na ingekuwa imeishia hapo ningesema Mungu ni mwema. Lakini nzi wa maabara hulishwa nini? Kule sisi huwapikia uji wa unga wa mahindi tukatia hamira. Tangu wakiwa mabuu hawajui chakula kingine. Na pale mezani, mbele ya Mama Wafula, kilikuwa kibuyu kikubwa cha uji wa kuchacha ambao Mama aliuandaa siku kadhaa kwa ajili ya wageni. Wale nzi hawakutafuta njia. Walienda kama watoto walioitwa chakula, wakatua kwenye mdomo wa kibuyu, kwenye vikombe, kwenye kidole cha Mama Wafula.

Yeye alikikung'uta kidole. Aliangalia kibuyu, kisha akageuza macho polepole kuelekea mlango wa jikoni.

Nikamwona Mama. Alikuwa ameshika leso ya kiunoni kwa mikono miwili, anaikunja na kuikunjua, na uso wake ulikuwa umezeeka. Mle hemani watu wengi walikuwa wamecheka tu kwa sababu ya utani wa Mzee, hawakuona vizuri nzi wametoka wapi. Wangeweza kuwa wa kwangu, wangeweza kuwa wa jikoni. Ningenyamaza, mimi ningebaki msichana aliyetikisika tu. Aibu ingekuwa yake.

"Mama Wafula," nikasema, "hao nzi si wa nyumba hii. Ni wangu. Nimewaleta kutoka chuoni, nilikuwa nimewaficha kwa nguo."

"Nzi ni nzi, binti yangu."

"Hapana. Wa nyumbani wana macho mekundu. Wangu ni meupe. Naomba uangalie."

Nilijua inavyosikika. Njeri, aliyekuwa ameivua leso mwenyewe na angeweza kunikaba shingo na hakuna mahakama ingemhukumu, akaja akachukua simu yake, akampiga picha nzi aliyekwama kwenye povu la uji, akaikuza, akampa Mama Wafula. Yule mama akavaa miwani. Akaangalia kwa muda mrefu. Akaomba nzi mwingine, tukampa. Akaomba wa tatu, na hapo mimi moyoni nikaanza kumpenda, kwa sababu kumbe na yeye haamini kitu kwa kuambiwa.

"Ni meupe," akasema hatimaye. "Barasa, njoo uone. Meupe kabisa."

Mzee Barasa akainama na kofia yake. "Na wa nini hawa?"

Nikaeleza. Nikaeleza uji, pupa, hadubini, brashi, na kwa nini lazima niwatenge majike na madume kabla hawajakutana, na nikiwa katikati ya sentensi nikagundua naeleza haya mbele ya nani, na siku gani.

"Kwa hivyo," akasema Mzee Barasa, "wewe unakaa katikati ya wasichana na wavulana, unasema huyu ataolewa na yule, na kabla ya hapo wasionane."

"Ndiyo, Mzee."

"Na wao wanakusikiliza?"

"Leo hawajanisikiliza."

"Basi karibu kwa hii kazi," akasema, na Mama Wafula akacheka mpaka miwani ikashuka. Kisha akamgeukia Mama yangu. "Mama Njeri, wageni wako hawa wameupenda uji kuliko sisi. Nimiminie kabla hawajaumaliza."

Mama akamimina. Hakumwaga hata tone. Mama Wafula akapuliza nzi mmoja pembeni, akanywa kikombe chote, akaomba kingine.

Kilichofuata sikukiomba. Mimi nilikuwa nimepiga magoti na kikombe cha uji na karatasi niliyokunja kama faneli, najaribu kunasa wanaoweza kunaswa, na ghafla Wafula naye yuko chini na suti yake mpya, halafu Anti Wairimu na kikombe chake, halafu Mzee Barasa akiwa amesimama anaelekeza, "Huyo hapo, huyo mwenye kiburi." Familia mbili zilizokuja kupimana zikatumia sehemu ya alasiri kukamata nzi pamoja.

Wale majike bila shaka walikuwa wameshaolewa na mtu, hawakunifaa. Lakini kwenye chupa kulikuwa na pupa waliobaki, nikawaweka dirishani kwenye baridi, kama nilivyoambiwa tangu mwanzo. Wakangoja mpaka Jumatatu. Nilimweleza Daktari Chebet kila kitu, nikiwa tayari kufukuzwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akapangusa macho, akasema nitaosha chupa za maabara yote mpaka muhula uishe, kisha akauliza, "Na uji, walikunywa?" Nikasema walikunywa. Akasema basi kaoshe.

Sijaacha kuuliza maswali, sitawadanganya. Ila sasa najiuliza na mimi, nani alisema, alipima wapi, na mara nyingi jibu ni kwamba hakuna, ni mimi tu. Na kiumbe chochote kilicho hai hakitaingia tena kwenye nguo yangu, hilo nimeapa mbele ya Njeri, ambaye amenisamehe lakini picha hajafuta.

Wageni waliporudi mara ya pili, Mama Wafula alikuwa na mfuko wa zawadi za kumpa Mama, na chini kabisa ya mfuko kulikuwa na yangu: chupa ya glasi, imeoshwa ikang'aa, yenye kifuniko cha chuma cha kuzungusha. Akinipa, alinishika bega la kushoto tu. Chupa iko hapa mezani kwangu, naweka brashi zangu ndani. Kila jioni nazungusha kile kifuniko mpaka kigome, halafu nakizungusha tena kidogo, na hadi leo sijauliza kwa nini.