Fundi anayetafuta mguu wa kukanyaga breki

Saa mbili asubuhi. Miguu miwili ndani ya ovaroli iliyopauka imechomoza chini ya pikapu kuukuu, na sauti inatokea huko huko chini: "Kanyaga. Shikilia hapo hapo."

Mwenye gari, mbeba matofali mwenye haraka zake, anakanyaga, kisha anaachia kabla hajaambiwa. Chini ya gari unasikika mguno. Upepo uliokuwa ukitoka kwenye mafuta ya breki umevutwa tena ndani ya bomba, na kazi inaanza upya.

Wateja humwita Fundi Taratibu, kwa sababu hatoi gari mpaka aridhike, hata umpigie magoti. Pikapu hii ililetwa jana, pedali laini kama godoro: ukikanyaga inazama, ukirudiarudia inapanda kidogo. Alipofungua ngoma za magurudumu ya nyuma, alikuta silinda moja inavuja na viatu vya breki vimekaa mbali na ngoma. Amebadilisha mipira ya silinda na kusogeza viatu. Kilichobaki ni kutoa upepo, na hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja akanyage pedali, mwingine afungue na kufunga skrubu kwenye gurudumu.

Hapo ndipo panapomuuma. Kwa miaka kumi na tisa, aliyekalia kiti cha dereva alikuwa mkewe. Kila alipoitwa aliacha cherehani yake chumba cha pili, akavua ndala, akapanda.

"Yule hakuwa wa kufundishwa," anasema fundi. "Mimi naona mafuta yanatoka safi, yeye kwa mguu tu ananiambia bado, upepo umo. Nikifungua tena, kweli umo."

Mwaka juzi binti yao alijifungua mapacha katika mji mwingine, na mama akaenda kusaidia kwa miezi michache. Mapacha sasa wanakimbia, bibi yao bado yuko huko. Hawakugombana. Kila Jumapili mke hupiga simu kuuliza kama mumewe amekula, mume hujibu amekula, kisha wanaongea habari za wajukuu mpaka salio liishe.

Amejaribu kukazia pedali kwa gongo lililoegemezwa kwenye kiti. Mafuta yakitoka pedali inazama, na gongo linaanguka. Siku hizi husimamisha wapita njia. Wengine humsaidia, wengine humdhania tapeli. Magari manne aliyokuwa akiyamaliza kwa siku yamebaki mawili, na kodi ya gereji inamkaba koo.

"Kazi sijashindwa," anasema, akifuta mikono. "Ila nikitoka chini ya gari sina wa kumwambia imekubali. Namkumbuka sana, basi."

Amemwambia mkewe hivyo? Anatikisa kichwa. Binti amemwita mara nyingi akisema chumba kipo, naye husingizia wateja. Ukweli ni kwamba anaogopa kwenda kuwa mzee wa kukaa kitako na kuletewa sahani.

Mbeba matofali anatulia safari hii. Anakanyaga, anashikilia, anaachia akiambiwa, mpaka pedali inakuwa ngumu na kusimama juu. Fundi anaendesha mwenyewe hadi mwisho wa barabara, anafunga breki, na gari linasimama bila kuyumba. Mteja anaaga na kwenda zake.

Fundi anakaa juu ya tairi, simu mkononi, ingawa leo si Jumapili. Anasema hatamuuliza mkewe atarudi lini.

"Nitamuuliza kama hapo kwa mtoto pana uwanja wa kuingiza gari bovu," anasema. "Akisema upo, nabeba jeki yangu naenda."