Baba kanunua jogoo wake mwenyewe

Leo baba yangu kanivunja mbavu, halafu kaniliza. 😂😭

Tangu apooze mwezi wa tatu, mkono wake wa kulia haujawahi kunyanyuka. Mama ndiye anamlisha, anamvalisha, anamfanyisha mazoezi.

Leo mama katoa jogoo wa baba kanisani, sadaka ya shukrani kwamba mzee yuko hai. Si mnajua huku Machame, ibada ikiisha sadaka za mazao zinanadiwa nje.

Jogoo kuinuliwa tu, baba naye kanyoosha mkono. Anamtaka!

Mama akang'aka: “Baba Neema, huyo tumeshampa Mungu!”

Kisha akaona ni mkono gani.

Hakuna aliyepandisha bei.

Ndugu zangu wa Dar mnaopanda huku kwetu Krismasi: huyu jogoo hachinjwi.