Kompyuta Yetu ya Mbio za Magari

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafundisha kupiga taipu katika chuo kidogo mjini Kisii. Rafiki yangu tangu darasa la kwanza alikuwa fundi wa redio kule Suneka. Siku moja tulienda pamoja ofisini kwa mteja wake, tukamkuta anacheza mbio za magari kwenye kompyuta. Barabara inakujia mbio, milima inapita pembeni, na watu wawili wanaweza kushindana kwenye kibodi moja, huyu kulia, yule kushoto. Tuliporudi hatukuwa na habari nyingine.

Kompyuta iliyoundwa tayari hatukuiweza. Tuliamua kuchanga, tununue kipande kimoja kimoja na kuiunda wenyewe. Kuchagua ilikuwa kazi yangu. Mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka la vifaa vya umeme karibu na chuo aliniazima magazeti yake ya kompyuta, nikayasoma kama mtu anayengoja mtihani. Mwenzangu alitaka skrini kubwa. Nikamkatalia. Monita itakuwa ya mtumba, diski iwe ndogo, spika atatoa kwenye redio mbovu dukani kwake. Kila tulichookoa kiende kwenye memori vipande viwili na, zaidi ya yote, kadi ya picha, ile inayouchora mchezo kwenye skrini.

"Bila kadi," nilimwambia, "magari yatatembea kama ng'ombe kwenye matope."

Alicheka. "Mwalimu, wewe ndiye unajua."

Yeye ndiye aliyeenda Nairobi kununua, kwa kuwa mimi nilikuwa na wanafunzi wa mtihani. Alirudi baada ya siku nne na mashine imeshaundwa, kasha limefungwa, na kwenye skrubu moja ya nyuma kumebandikwa karatasi ndogo yenye rangi ya fedha.

"Fundi wa kule ameniundia bure," akasema. "Lakini usifungue. Ukibandua karatasi hii, dhamana imekufa."

Tuliiwasha kwangu. Mchezo ukaanza, na magari yakatembea kama ng'ombe kwenye matope. Gari langu liliruka kutoka kona hii hadi ile bila kupita katikati. Kwenye skrini mchezo uliandika kwamba hauioni kadi yoyote.

"Hiyo ni programu tu," alisema. "Na umeme wenu huu wa Kisii. Tuipe muda."

Tuliipa muda. Tulipunguza rangi, tukaondoa milima, tukaondoa watazamaji, mpaka ikabaki barabara ya kijivu na magari mawili yaliyofanana na matofali. Hata hivyo yalikwama. Alianza kuja mara moja kwa wiki, halafu akaacha. Nami nikabaki na magazeti yale, nikijiuliza ni wapi nilikosea. Labda diski ni ndogo mno. Labda kadi niliyochagua haipatani na bodi. Nilikuwa nimetumia jasho lake kwa ujuaji wangu.

Jumamosi moja baada ya ibada yetu ya Sabato nilimwita kando nje ya kanisa, nikamwomba msamaha. Nilimwambia nilichagua vibaya na kwamba nitatafuta namna ya kumfidia. Alinishika bega.

"Usijali, ndugu yangu. Kila mtu hukosea."

Nilienda nyumbani nimetulia, nikimshukuru Mungu kwa rafiki mwenye moyo kama ule.

Miezi kadhaa ikapita, nikaibeba mashine hadi kwa yule mzee wa duka. Sikujali tena dhamana. Alibandua karatasi, akafungua kasha kwa bisibisi, akachungulia kwa muda.

"Mwalimu, memori ni moja. Na kadi iko wapi?"

"Si iko hapo ndani?"

Aligeuza kasha, akanionyesha mgongo wake, palipo na vibati vyembamba ambavyo huvunjwa ili kadi ipate kutokeza nje. Vyote vilikuwa vizima. "Hapa haijawahi kuwekwa kadi," alisema. Kisha akaanza kufuta vumbi mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Nilienda Suneka mchana uleule. Dukani hakuwepo, nikaenda nyumbani kwake. Niliyasikia magari kabla sijabisha. Alikuwa ameketi mbele ya skrini kubwa, ile niliyomkatalia, na barabara ilimiminika kama maji. Milima ilikuwepo. Watazamaji walikuwepo. Mkewe alinipokea, akaniwekea kiti, akasema polepole akiangalia sakafu, "Shemeji, mimi nilimwambia."

Kumbe hata yeye alijua.

Tangu utotoni mimi na mtu yule tulizungumza Ekegusii, lugha ya kwetu. Siku hiyo kinywa changu kilitoa Kiswahili, lugha tunayowasemesha wageni.

"Hiyo kadi ni ile niliyochagua?"

Aliusimamisha mchezo. "Mbona unanisemesha Kiswahili?"

"Nimeuliza kadi."

"Ni ile," alisema, naye kwa Kiswahili. "Mashine hii nililipwa na mteja kwa deni, kadi na memori ya kutosha haikuwa nazo. Wewe una chuo, una mshahara. Ungepata nyingine. Mimi ningepata lini?"

"Na siku ile nje ya kanisa? Uliniacha nikuombe msamaha."

Alizima mashine. Alichukua bisibisi, akaanza kufungua kasha lake anipe kadi yangu. Aliponinyooshea niliigusa, bado ilikuwa na joto. Ningeweza kusamehe kadi. Mtu hushikwa na tamaa. Lile bega alilonishika ndilo lililonishinda. Niliondoka bila kuipokea.

Mashine yangu niliipeleka chuoni, wanafunzi wakaitumia kupigia barua, kazi ambayo iliiweza vizuri kabisa. Yeye alikuja mara mbili akasimama mlangoni mwa darasa. Niliendelea kusoma imla mpaka akaondoka. Siku hizi tukikutana sokoni tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto na mvua. Ni Kiswahili mpaka leo.