Kikapu cha Mwingereza

Mtaa mzima ulimwita Mrusi, ingawa hakuwa na hata shangazi huko Urusi. Ujanani alipelekwa huko kusomea mitambo ya maji, akarudi na vitenzi tu. Bomba la nyumbani kwake likivuja, aliitwa fundi.

Jioni alifundisha Kiingereza katika chumba cha mbele, na Kiingereza chenyewe alikifundisha kwa kukilinganisha na Kirusi. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuomba Kirusi. Walipewa tu, kama nyongeza ya sokoni.

"Mrusi ana vitenzi viwili viwili," alikuwa akisema, amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Chital! Nilikuwa nasoma. Kazi bado, ndiyo maana niko mlangoni." Kisha anaingia na kujitupa kitini. "Prochital! Nimesoma, nimemaliza, nimekaa. Neno moja limetosha. Sasa Mwingereza, maskini, hawezi. Kila akitaka kusema hivyo lazima aite kibarua amsaidie kubeba."

Kibarua ni lile neno "have", na darasani alikuwa kikapu. Kwa Kirusi unatoka mlangoni hadi kitini mikono mitupu. Kwa Kiingereza unabeba kikapu. Wanafunzi wakafika mahali ambapo hawawezi kufungua mdomo bila kuinuka kwanza.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na chumba kile alikitaka. Cherehani zake zilibanana kule wanakolala, kati ya kitanda na kabati, na akishona magoti yanagonga godoro.

"Baba watoto, nitajie mmoja tu aliyepata kazi kwa hicho Kirusi chako."

"Lugha haitaki pupa, mama watoto."

"Haya. Huyu binti wa dada yangu anaitwa kwenye usaili hotelini. Akipata, baki na chumba chako. Akikosa, ubao unatoka, cherehani zinaingia."

Mrusi akakubali kwa sauti ya kiume, halafu usingizi ukampaa. Chumba kile ndicho mahali pekee alipoitwa mwalimu. Kwingine kote alikuwa yule jamaa aliyeenda ng'ambo akarudi hivi hivi. Kwa hiyo akamshika binti wa watu, mlangoni kitini, mlangoni kitini, mpaka kikapu kikang'oka mkono.

Siku ya usaili mama mdogo alimsindikiza, akakaa kwenye benchi la nje.

Meneja wa hoteli alikuwa mama mmoja mwenye ulimi mkali. Waliotangulia aliwasema mpaka wakanyanyuka na kwenda zao, huku mapokezi wageni wanagonga kaunta na hakuna wa kuwahudumia. Binti alipokaa, meneja akamwuliza kwa Kiingereza, midomo kaibenua, amewahi kufanya nini cha maana maishani mwake.

Jibu la swali hilo lilitaka kibarua. Binti akatafuta kikapu kwa macho, hakuna. Basi akachukua mkoba wake, akainuka, akaenda moja kwa moja mlangoni na kuweka mguu mmoja nje.

"Jamani, na wewe unaondoka?" Kiingereza kikamtoka meneja chote. "Mwanangu, usikasirike! Mimi ni mdomo tu, moyoni sina neno. Rudi ukae. Kesho unaanza."

Binti akarudi, akakaa, mkoba mapajani. Sentensi yenyewe hajaisema hadi leo. Kwenye benchi, mama mdogo aliyeuona ule mguu na kusikia kila kitu, alikuwa ameuma kanga asicheke.

Nyumbani walimkuta Mrusi amesimama mlangoni, mguu ndani, mguu nje.

"Nimepata, baba mdogo."

"Si nilisema?" Akaruka kama mtoto. "Si nilisema, mama watoto? Enhe, ulitumia kitenzi gani?"

Binti akamtazama mama yake mdogo, akatazama chini. "Ule wa mlangoni."

"Na kibarua ulimwita?"

"Nilimbeba, baba mdogo."

Mkewe akafungua mdomo. Lakini Mrusi alishaingia ndani, anafuta ubao kwa mkono wa shati, anapiga mluzi, anapanga viti kana kwamba anatarajia umati. Mkewe akaufunga mdomo. Akapita hadi kule wanakolala, akaivuta cherehani karibu na dirisha, akaketi kushona, magoti yakigonga godoro.

"Ila hicho kikapu," akapaza sauti, "kitie mkono mwingine. Kitakuja kutuumbua."