Samli ya Mama Holo

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa spana, daftari na baiskeli. "Dada," akaniambia Injinia wa mradi wa umeme, "kuanzia leo unapima upepo wa kijiji cha Mwamkulu." Nikacheka. Yeye hakucheka. Ilikuwa miaka ya tisini, Mpanda tunategemea jenereta, na dizeli ikichelewa kuja na treni, giza.

Nyie mnaoona mitambo ya upepo kwenye simu, msidhani ni kusimamisha tu. Upepo unasukuma mapanga, mapanga yanazungusha shafti, shafti inazungusha sumaku katikati ya nyaya za shaba, ndipo umeme unapatikana. Ila kwanza upepo upimwe mwaka mzima. Kwa hiyo tulisimamisha mlingoti, juu yake vikombe vitatu vya kuzunguka, chini kihesabio cha mizunguko yake. Kila asubuhi nilisoma, nikaandika.

Jirani na mlingoti palikuwa na boma la Mama Holo, Msukuma aliyehamia na mumewe na ng'ombe wao. Mahindi yake aliyabeba kichwani mpaka mjini kusaga.

"Mwanangu, huo umeme ukija, mashine wataiweka hapa hapa?"

"Upepo ukitosha, mama."

Jamani, nilivyotaka utoshe!

Mwezi wa tano vikombe vikaanza kukwaruza. Grisi imeisha, na mjini hakuna. Mama Holo akaleta kibuyu cha samli. "Tunalainishia ngozi, itashindwa chuma?" Nikapanda, nikapaka. Vikazunguka vizuri mno, akapiga vigelegele.

Mwezi wa sita ikaingia baridi, samli ikaganda pamoja na vumbi. Upepo unataka kunivua kanga, kihesabio kinatambaa! Nami kwa ujinga wangu nikaandika kilichosomeka. Nilipopanda na kugundua ni samli, karatasi za miezi yote ya upepo zilishakwenda kwa wakubwa. Sikusema. Niliogopa kufukuzwa.

Mwaka wa kupima ulipokwisha, Injinia akaja na majibu. "Upepo wa hapa hautoshi, dada. Namba ndizo zinasema." Nikalifunga daftari. Wakaufungua mlingoti, ukaondoka na treni.

Nilihamishiwa kwenye pampu za maji, na huko ndiko nilikostaafu. Lakini kila mwezi wa sita naenda Mwamkulu, nasimama pale penye mashimo ya mlingoti. Upepo unanipiga usoni, na moyo unauma hasa.

Mama Holo sasa haoni. Mara ya mwisho alinishika mkono akauliza, "Mwanangu, ile samli yangu ilisaidia?"

"Ilisaidia sana, mama," nikamwambia, huku nikimshikia mtandio usipeperuke.