Mitungi Yenye Lakiri na Pumzi ya Byamungu

Nimeandika jina lako, Byamungu, nikatanguliza neno "marehemu", nikalifuta. Mara tatu. Akili yangu bado inakataa.

Kwa wasiomfahamu: alikuwa rafiki yangu tangu shule ya msingi kule Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Mkongomani, mkulima wa maharage, mwenye pumu na mdomo usiochoka.

Kila mara hospitali moja ya jeshi mjini Mbarara ilipofanya zoezi la utayari, ilitafuta watu wa kujifanya majeruhi. Tulikwenda sote, mimi nikitokea chuoni, yeye kambini. Kwa kuigiza hakuna aliyemshinda. Wauguzi walimwita Jenerali wa Majeruhi.

Siku ya kwanza waliuliza kama baruti itamtisha. Akacheka: "Miye nilikimbiaka masasi ya kweli, ya vita. Hii yenu ni fataki ya ndoa."

Siku za zoezi wodi ya raia ilibaki na muuguzi mmoja. Wenzake walikuwa kwenye hema la zoezi uwanjani, wakifunga bendeji kwenye miguu mizima. Gari la wagonjwa lilitubeba sisi wenye afya kuzunguka uwanja, huku wajawazito wa mitaa jirani ya Kakiika wakifika kwa bodaboda.

Tuliliona hilo. Tukanyamaza, kwa sababu tulipewa chakula cha mchana. Aibu hiyo ni yangu pia.

Alhamisi ya zoezi la mwisho, moshi ulimwingia kifuani. Nilikuwa kwenye machela ya pili. Alishika koo, akapiga miguu. Muuguzi mwanajeshi akampita akitabasamu: "Jenerali, leo umezidi. Ngoja zamu yako."

Niliinuka nikasema huyu haigizi. Nikaambiwa majeruhi hawasemi.

Walipoelewa, midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Muuguzi yuleyule alikimbilia mitungi ya oksijeni iliyopangwa mlangoni mwa hema. Yote ilikuwa imefungwa kwa lakiri, muhuri wa ukaguzi. Wakaguzi walikuwa njiani kuja kuthibitisha kwamba imejaa, na afisa mwenye ruhusa ya kukata lakiri alikuwa amekwenda kuwapokea. Wakakimbilia wodini. Mtungi wa wodi nao ulikuwa umeshapelekwa hemani, kujaza safu.

Sipingi utayari. Nchi isiyojiandaa hujichimbia kaburi. Lakini utayari unaochukua wauguzi wa wodi, gari la wagonjwa na hewa ya aliyelala mbele yake, uko tayari kwa ajili ya nani?

Mama yake aliambiwa na maafisa wa hospitali kwamba oksijeni ilikuwa imekwisha. Siku ya mazishi alinishika mkono: "Mwanangu, kama hewa haikukuwa, tutafanya namna gani? Ni Mungu." Sikumwambia ukweli, maana waliomwambia hivyo walikuwa wamekaa karibu.

Leo asubuhi nimerudi Juru. Nilikaa na mama yake jikoni, nikamweleza kwamba ilikuwepo, imejaa, imefungwa, hatua chache kutoka kichwani pa mwanawe.

Aliuacha mwiko mpaka ugali ukaanza kuungua. Kisha akasema, polepole: "Basi haikukuwa Mungu."

Ameniomba niliandike neno hilo, mbele ya watu wote. Nimeliandika, Byamungu. Lala, ndugu yangu. Sisi tuliobaki tutalisema kwa sauti.