Fundi na Stima ya Lindi

Fundi wa kompyuta wa pale mtaani Lindi hachagui programu kabla hajaweka sikio kwenye mashine, kama anayesikiliza kifua cha mtoto. Musimbi, mwenye kompyuta, alimtazama roho mkononi. Sauti ya marehemu mamake, aliyoirekodi, ilikuwa humo tu, si kwingine.

“Hii programu inapanga diski mbio,” fundi akamwambia, “lakini stima ikipotea katikati, faili zinaharibika. Hii ingine inajikokota, lakini inakopi kwanza ndio ifute.”

“Weka hiyo ya kujikokota.”

Akaianzisha, vidole vikicheza mezani, sikio likiwa kwa kinyozi jirani ambaye mashine yake ya kunyoa ilikuwa ikinguruma. Ghafla ikanyamaza. Fundi akafumba macho, akaikumbatia kompyuta kwa mikono yote miwili.

“Stima iko! Ni kichwa tu nimemaliza!” kinyozi akapaza sauti.

Fundi hakuiachilia kompyuta.